Vampaya Alitolewa Kaburini na Karani

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kikao chetu cha wapenzi wa lugha, watu waliokosa wamenisumbua sana inboksi kwahiyo nimeiandika kama nilivyoongea, nimeondoa tu zile dakika ishirini ambazo projekta iligoma na mimi nikabaki nachora herufi za Kirusi hewani kwa kidole.

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo zenu. Naona kuna waliokuja na watoto, msiwe na wasiwasi, hatuchinji mtu hapa, leo tunachinja neno tu, neno vampaya, yule maiti wa kwenye muvi anayenyonya damu.

Nianze na mama mwenye nyumba wangu. Nilipokuwa nasoma Belgrade nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, ghorofa ya nne, lifti mbovu, na jioni kazi yetu ilikuwa kuangalia runinga pamoja huku ananilisha kahawa nzito ambayo usingizi unaupata keshokutwa. Siku hiyo kuna muvi ya Kimarekani, jamaa ana meno marefu, mimi na Kiserbia changu cha kuokoteza nikasema "aah, huyo ni vampiri", nikavuta pale katikati kama tunavyovuta sisi. Akanigeukia. Hapana, sema VAMpir, uzito unakaa mbele. Nikamwambia bibi, si neno la Kiingereza tu hilo, mbona unanisahihisha. Weee. Aliweka kikombe chini, akapunguza sauti ya runinga, akaniambia Waingereza wamelichukua kwetu, dunia nzima kila siku inatumia neno letu moja na hakuna hata mmoja anayetushukuru.

Nikadhani ni ile jeuri ya kawaida ya mtu na kwao, maana hata sisi tukikaa na wageni dakika mbili tu tushawaambia safari ni neno letu. Lakini lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma, nikakuta bibi ana haki kwa sehemu kubwa. Ila kuna kitu hakuniambia, na ndicho nilichokuja kuwaambia leo. Hofu ya maiti anayerudi ilikuwepo vijiji vyote vya Waslavi, yani Warusi, Wapolandi, Waserbia na ndugu zao wa lugha, kuanzia pwani ya Istria kule Kroatia mpaka Novgorod kaskazini ya Urusi, na kila kijiji kilikuwa na jina lake. Majina yalikuwa mengi mno. Lililotufikia mpaka huku ni moja, na halikufika kwasababu lilikuwa linatisha kuliko mengine, lilifika kwasababu karani wa serikali alilijaza kwenye ripoti. Angekuwa kakaa kituo kingine tungekuwa tunasema neno lingine kabisa.

Tuone kwanza ukoo wenyewe. Waserbia wanasema vampir. Wabulgaria nao wana vampir, lakini vijijini utakuta văpir. Wacheki na Waslovaki wanasema upír. Waukraini upyr, Warusi upyr vilevile ila ile r ya mwisho wanailainisha kama wameibusu. Wapolandi wana upiór, na zamani kulikuwa na wąpierz. Mtu akiyaangalia haraka haraka anaona vurugu, kuna yenye v na yasiyo na v, kuna yenye m na yasiyo na m. Ila sio vurugu, na nyie watu wa Pwani mtanielewa kuliko wote. Mtu wa Lamu akitaka uje anakwambia "ndoo", wewe wa bara unaanza kutafuta ndoo ya maji. Njia kwake ndia, njaa kwake ndaa. Hajakosea hata kidogo, kuna mlango ambao sauti moja imepita ikatoka hivi huku na vile kule, na ukishaujua mlango unaweza kubashiri maneno ambayo hujawahi kuyasikia.

Sasa Waslavi wa zamani walikuwa na sauti moja ya o inayopita puani, kama mtu anasema "on" lakini ulimi haujagusa popote. Hii sauti ilipita milango tofauti. Chukua neno la jino, maana tunaongelea vampaya tusikae mbali na meno. Mrusi anasema zub, Mcheki zub, Mserbia zub, o ya puani imekuwa u kavu. Mbulgaria anasema zăb. Mpolandi yeye anasema ząb na anaisikilizisha kabisa pua, ukimsikia ni kama "zomp". Alafu Wapolandi wana tabia nyingine, ile sauti ikiwa mwanzo wa neno wanaitangulizia w, ambayo kwao inasomeka v. Sharubu kwa Mrusi ni us, kwa Mpolandi wąs. Mmeiona? Rudini sasa kwenye maiti wetu. Mrusi upyr, Mpolandi wa zamani wąpierz, Mbulgaria văpir. Ni jino lilelile na sharubu zilezile, neno moja limevaa nguo za mikoa mitatu.

Na hapo ndipo bibi yangu wa Belgrade anapoanza kupata shida kidogo, sikuthubutu kumwambia. Kama Mserbia anasema zub, basi kwa kanuni hiyohiyo maiti wake angepaswa kuwa upir. Hiyo m ya vampir imetoka wapi? Kuna lahaja za Kimakedonia kule kusini, upande wa Kastoria na Thesalonike, ambazo zile pua hawakuzitupa, jino wanaliita kitu kama "zamb" mpaka leo, kwahiyo wako wanaosema neno lilipanda kutoka kusini likaingia Serbia likiwa tayari na m yake. Mimi naona hiyo ina akili. Neno ambalo Waserbia wanajivunia kuipa dunia inaelekea na wao waliazima kwa jirani.

Kumbukumbu ya zamani kuliko zote ya hili neno haitoki Serbia, inatoka Novgorod, mwaka 1047. Na huwezi kuamini ni nani. Ni padri! Mwaka huo padri mmoja alimnakilia mwana wa mfalme, Vladimir Yaroslavich, kitabu cha manabii kwa mkono, na mwishoni akaandika kama waandishi walivyokuwa wanaandika, kwamba nimeanza siku flani nimemaliza siku flani, nisameheni makosa, ni mimi padri Upir Likhyi. Nakala yake mwenyewe haipo tena, lakini waliokuja kuinakili karne nne baadae walikopi mpaka hayo maneno yake ya mwisho. Upir ndio upyr. Na Likhyi ni mbaya, mkorofi. Yani Padri Vampaya Mkorofi kakaa anakopi kitabu cha nabii Isaya.

Wasomi wamekuna vichwa hapa. Kuna msomi wa Sweden, Anders Sjöberg, alisema huyu hakuwa Mslavi kabisa, alikuwa Mswidi aitwaye Öpir, jina la mchonga mawe maarufu wa kule Uppland, Warusi wakalisikia kwa masikio yao. Wengine hawakukubali. Mi sina ugomvi na Waswidi, lakini nyie semeni ukweli, jina baya linawashangaza? Humu ndani hakuna akina Mashaka? Taabu? Sikujua? Mama amezika watoto watatu, wa nne anampa jina la kuchukiza ili mauti yampite. Waslavi walikuwa na mtindo huohuo. Mtu aliyewaandikia Waserbia kamusi yao, Vuk Karadžić, jina lake la kwanza ni Mbwa mwitu, na sababu aliieleza mwenyewe, ndugu zake waliomtangulia walikufa wachanga, wazazi wakaona wachawi wanawala, wakampa huyu jina la mnyama ambaye mchawi hamgusi. Kwahiyo padri kuitwa Upir mimi wala sioni ajabu.

Haya, sasa swali ambalo najua limewaleta nusu yenu. Neno lenyewe maana yake nini, mzizi wake ni nini. Hapa niwaonye mapema, ukiona mtu mtandaoni anakupa jibu moja la mkato, huyo kakopi mahali.

Karne ya 19 kulikuwa na mzee Mslovenia akifundisha Vienna, Franz Miklosich, baba wa hii taaluma. Yeye alisema wameazima kwa Waturuki, kwasababu Watatari wana ubyr, pepo mchawi mlafi anayekula watu. Inavutia sana, na vitabu vingi vya Kiingereza bado vinairudia. Tatizo ile sauti ya puani mwanzoni, ubyr haina pua, sasa pua wameitoa wapi Waslavi wote kwa pamoja? Halafu hakuna kinachozuia safari kuwa kinyume, Watatari ndio waliosikia kwa Warusi. Wengi waliokuja baadae wakamuacha hapo.

Wengine wakalikata neno vipande viwili, kiambishi mbele na mzizi nyuma. Kuna waliosema ule mzizi ni moto kama pyr ya Kigiriki na kiambishi ni cha kukanusha, kwahiyo "asiyechomwa", yule ambaye maiti yake haikuchomwa kama mila ya kale ilivyotaka. Nzuri kwenye muvi, mi hainiingii. Kuna waliosema mzizi ni kusukuma na kushindilia, basi ni "aliyeshindiliwa", aliyevimba, na hii ina kitu ndani yake kwasababu vampaya wa kijijini sio yule mwembamba mweupe, nitakuja huko. Na kuna ninaoupenda mimi, mzizi wa kuruka, kupaa. Sababu yangu ni mnyama mmoja. Popo kwa Kirusi cha kitabuni ni netopyr, kwa Kicheki netopýr, kwa Kipolandi nietoperz. Kipande cha mbele kinatokana na usiku, na hicho cha nyuma wengi wanakisoma kama mrukaji. Mrukaji wa usiku. Netopyr, upyr, mkia ni uleule. Naona watu wameanza kucheka kule nyuma, naomba msinianzishie Popobawa hapa, hilo ni suala la Pemba na tutaliitishia kikao chake.

Kwa wale wanaotaka nichague, nachagua wa kuruka, lakini nachagua kama mtu anavyochagua timu. Uthibitisho haupo.

Sasa tumuache upyr kidogo, maana ana mpinzani. Kwa Waserbia wa vijijini jina lililotumika sana ni lingine, vukodlak. Vuk ni mbwa mwitu na kile kipande cha pili ni manyoya, ngozi. Zamani lilikuwa la mtu anayegeuka mbwa mwitu, alafu taratibu likahamia kwa maiti. Huyu Vuk Karadžić niliyemtaja, kwenye kamusi yake ya 1818 ukitafuta maelezo marefu ya maiti anayetoka kaburini unayakuta kwenye vukodlak. Anasema ni mtu ambaye siku arobaini baada ya kufa roho ya kishetani inamuingia. Arobaini, mmeisikia hiyo? Wao nao wana arobaini. Anasema wakimfukua wanamkuta kanenepa, kavimba, mwekundu kwa damu ya watu, na anaongeza msemo wao, "mwekundu kama vampir". Ndio maana nikasema sio mwembamba mweupe. Maiti wa kijijini ana mashavu, ana tumbo, anafanana na mtu aliyetoka harusini.

Na vukodlak alisafiri kuliko mnavyodhani. Wagiriki wakamchukua wakamfanya vrykolakas. Alafu kule Ufaransa 1827 mwandishi Prosper Mérimée akatoa kitabu cha nyimbo za watu wa Balkani, kumbe nyingi katunga mwenyewe kakaa Paris. Pushkin, mshairi mkubwa wa Warusi, akaamini, akazigeuza Kirusi, na katika huko kugeuza neno likapinda likawa vurdalak. Leo Mrusi yeyote anajua vurdalak ni nini na anadhani ni neno la mababu. Feki ya Mfaransa hiyo! Neno limezaliwa kwa utapeli, limekua, lina wajukuu.

Watu kufukua makaburi hakukuanza juzi wala hakukuhitaji neno vampir. Sheria ya Tsar Dušan wa Serbia, ya 1349, ina kifungu cha 20 kinachowakataza watu kutoa maiti makaburini kwa uchawi na kuwachoma, kijiji kikifanya kinalipa, na padri akionekana hapo anavuliwa upadri. Hiyo sheria haimtaji vampir kabisa. Kitendo kipo, neno halipo.

Sasa twende kwa karani.

Mwaka 1718 Austria iliwashinda Waturuki ikachukua kaskazini ya Serbia, wakakaa nayo mpaka 1739. Miaka ishirini na moja tu, lakini ndiyo iliyoamua kila kitu, kwasababu Mwaustria popote anapokwenda anakwenda na wino. Mwaka 1725 kwenye kijiji cha Kisiljevo, karibu na Danube, alikufa mkulima anaitwa Petar Blagojević, akazikwa. Wiki kumi baadae watu tisa wakafa ndani ya siku nane, kila mmoja anaugua kama siku moja tu, na kabla ya kukata roho wanasema Petar kaja usingizini kanilalia juu kanikaba. Mkewe akasema alikuja kwake pia, akamwambia nipe viatu vyangu. Zile opanci, viatu vya ngozi vya wakulima wa kule. Mke akahama kijiji.

Wanakijiji wakamfuata afisa wa Austria wa eneo lile, bwana Frombald, wakamwambia tunataka kufukua, njoo na padri mshuhudie. Frombald akafanya kile ambacho karani yeyote hata wa hapa angefanya, akasema ngojeni niombe kibali Belgrade. Wakamwambia wewe omba, ila kibali kikirudi kijiji hutakikuta, sisi tunahama, maana wakati wa Waturuki kijiji kizima kiliisha kwa mambo haya. Akaona hawa hawatanii, akaenda. Akaandika alichokiona. Mwili haunuki, pua tu imebonyea kidogo, nywele na ndevu na kucha zimeota, ngozi ya juu inabanduka na chini kuna nyingine mpya, mdomoni kuna damu mbichi. Wakamchoma kigingi moyoni, damu ikatoka masikioni na mdomoni, na kuna dalili nyingine za aibu ambazo bwana Frombald anasema anaziruka kwa heshima ya wakubwa. Wakamchoma moto. Na mwisho wa ripoti, hapa ndipo ninapompenda, anaandika kwamba kama kuna kosa limefanyika asilaumiwe yeye, walaumiwe hao watu waliochanganyikiwa kwa woga. Miaka mia tatu iliyopita mtu anajilinda na bosi wake vilevile kama leo.

Katikati ya ripoti hiyo kuna kajisentensi kadogo, kwamba watu wa namna hii wao wanawaita vampyri. Basi. Ripoti ikafika Vienna, tarehe 21 Julai 1725 ikachapwa kwenye gazeti la Wienerisches Diarium, ambalo baadae liliitwa Wiener Zeitung na toleo lake la kila siku la karatasi lilikoma 2023. Karani angeweza kuandika "maiti" akaendelea. Hakuandika hivo, aliandika neno walilomwambia.

Ila 1725 ilikuwa cheche tu, moto wenyewe ni 1732. Kijiji cha Medveđa, vifo vinafuatana, wakubwa wakadhani ni tauni. Akatumwa daktari wa magonjwa ya kuambukiza, hakuona tauni. Wanakijiji wakasema tunajua ni nini, mzizi ni Arnaut Pavle, mlinzi wa mpaka aliyeanguka kwenye mkokoteni wa nyasi akavunjika shingo miaka kadhaa nyuma, ambaye enzi za uhai alisimulia kwamba vampir aliwahi kumsumbua upande wa Waturuki na akajitibu kwa kula udongo wa kaburi la huyo vampir na kujipaka damu yake. Januari 1732 akaja daktari wa jeshi, Johannes Flückinger, na wenzake, wakafukua kaburi moja baada ya jingine kama watu wanaokagua ghala, huyu kaoza, huyu hajaoza, andika. Wakasaini. Ripoti ikaitwa kwa Kilatini Visum et Repertum, yani tumeona na tumekuta. Mwaka huohuo Ujerumani vikachapwa vijitabu kibao, Machi magazeti ya London yakaleta habari, na Mei gazeti la kisiasa la The Craftsman tayari lishageuza neno kuwa silaha, likasema wanyonyaji wa kweli ni wakubwa wa serikali na kodi zao. Miezi minne! Kutoka kaburi la kijijini mpaka kumtukania waziri ni miezi minne tu. Wakubwa mliosoma enzi za Azimio mnaijua lugha hiyo, kupe na mirija, hamhitaji nieleze.

Na kile walichokiona makaburini ni kweli walikiona. Mwili ukioza kwenye udongo wa baridi gesi inauvimbisha, inasukuma maji mekundu mpaka mdomoni, ngozi ya juu inatoka kama soksi, ukiuchoma kigingi hewa inatoka kifuani na inalia. Hawakusema uongo, hawakuwa tu wamewahi kuona mwili wa wiki kumi. Nani amewahi? Mwaka 1755 malkia Maria Theresa, baada ya kupata ushauri wa daktari wake Gerard van Swieten, akapiga marufuku hayo mambo ya kufukua na kuchoma. Kitendo kilikatazwa, lakini neno lilikuwa limeshavuka mpaka, huwezi kulirudisha.

Nilisema tungeweza kuwa tunasema lingine. Kringa, Istria, mwaka 1672, ripoti ipo pia, mwandishi wa historia Valvasor aliichapisha 1689. Jure Grando, alikufa 1656, miaka kumi na sita baadae bado anasemwa anagonga milango usiku, na mlango alioupiga mtu anakufa. Wakaenda watu tisa usiku na taa, kigingi kikadunda tumboni hakiingii, ikabidi wamkate kichwa. Kisa kimekamilika kuliko cha Petar, na ni cha nusu karne kabla. Lakini watu wa Istria walimwita strigon, kutoka Kilatini, jamaa mmoja na strigoi wa Waromania. Kisa kikakaa ndani ya kitabu kikubwa cha historia ya jimbo, hakikuingia gazetini. Kingeingia leo vijana wangekuwa wanaangalia muvi za mastrigoni. Na kwa kuwa nimewataja Waromania, niseme moja tu kwa wale wa Dracula, Kiromania sio lugha ya Kislavi, ni ndugu wa Kiitaliano, na Stoker, mwandishi wa Dracula, alipoandika 1897 neno lilikuwa na zaidi ya miaka 160 Uingereza.

Huko Ulaya Magharibi neno likabadilika tabia. Linnaeus, yule mtaalamu wa kuwapa viumbe majina, mwaka 1758 akampa popo mmoja mkubwa wa Asia jina la vampyrus, na yule popo maskini anakula matunda. Vampir mwenyewe akavalishwa suti, akapewa ngome, akakondeshwa. Alafu akarudi nyumbani hivohivo. Warusi wakapokea vampir kutoka Ulaya wakati upyr wao yupo kijijini, wakawa na wawili. Mwandishi Aleksei Tolstoy, sio yule mkubwa Leo, yule ndugu yake wa mbali, mwaka 1841 kwenye hadithi yake ya Upyr anamuweka mtu kwenye dansi analalamika kwamba nyie mnawaita vampir Mungu tu ndiye anajua kwanini, jina lao halisi la Kirusi ni upyr. Mpaka leo ukimsikiliza Mrusi, vampir ni wa muvi, upyr ni wa bibi.

Baada ya hapo nikapokea maswali. Dada mmoja akauliza kwanini sijasema lolote kuhusu mumiani, nikamwambia nilikuwa namuogopa. Lakini swali ni zuri kwasababu mwanahistoria Luise White alipoandika mwaka 2000 kuhusu uvumi wa mumiani na wazimamoto Afrika Mashariki alichagua neno hilihili la Waslavi kuwaelezea wasomaji wake, kwahiyo hao wawili wameshakutanishwa kitabuni, na mumiani naye ni msafiri, ametoka Uajemi, mum ni nta, ilikuwa dawa nyeusi kama lami, na mzizi huohuo ndio uliowapa Waingereza neno lao la maiti wa Misri. Wetu alianza kama dawa akaishia kunyonya watu. Kijana mwingine akauliza tuandike vampaya au vampiri. Nikamwambia kwenye banda la muvi sema vampaya wakuelewe, lakini ukiandika kuhusu Kisiljevo andika vampiri, kuna bibi ghorofa ya nne atasikia.

Wa mwisho alikuwa mzee mmoja kiti cha mbele, alikaa kimya jioni nzima mkono kwenye fimbo. Akauliza, huyo wa kwao alikuwa na gari? Maana mumiani tuliyemkimbia sisi utotoni alikuwa na gari jekundu la wazungu. Nikamwambia hapana mzee, hakuwa na gari, alikuwa jirani tu, alirudi kwa mkewe kuomba viatu.

Mzee akatikisa kichwa. "Viatu," akasema. "Basi huyo angekuja kwetu tungempa."